Mwili mlimani unachoma zaidi, tumbo linakataa: maelezo ya mpishi wa Kilimanjaro

Jioni ya kuelekea kileleni, kambi ya Barafu, sahani zinarudi jikoni zikiwa karibu kama nilivyozipeleka. Tambi zimechokonolewa pembeni, kuku hajaguswa, supu imeishia nusu ya bakuli. Mhudumu anaziweka chini, ananitazama, anangoja niseme kitu.

Mimi ni mpishi wa mlima. Kwetu ni Kilema, naishi Pasua hapa Moshi, na kidato cha tano na cha sita nilisoma CBG (kemia, biolojia na jiografia), ndiyo maana biolojia haijanitoka kichwani. Wanawake kwenye majiko ya Kilimanjaro tuko wachache, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hilo la sahani: chakula kizuri hivi, mbona hawali? Baadhi ya wakuu wa msafara wanamlaumu mpishi. Wageni wenyewe wanaomba radhi, wanasema wameshiba, na huku asubuhi walikunywa chai tu. Wapishi vijana wanaongeza viungo, kitunguu saumu, pilipili, na sahani zinaendelea kurudi.

Jibu liko kwenye homoni. Ukilielewa unabadilisha unachopika, saa unayopakua, hata mwendo wa msafara mzima. Naliandika kwa sababu kila msimu naona watu wamejiandaa kwa viatu na majaketi ya bei kubwa, halafu wanakata nguvu saa tisa usiku juu ya Barafu kwa kuwa mwilini hamna kitu cha kuchoma.

Tuanze na hewa. Oksijeni ni asilimia 21 ukiwa ufukweni Tanga, na ni asilimia 21 hiyohiyo ukiwa kilele cha Uhuru. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, na bila mgandamizo oksijeni haisukumwi ya kutosha kutoka kwenye mapafu kuingia kwenye damu. Barafu, karibu mita 4,700, kila pumzi inakupa oksijeni iliyozidi kidogo tu nusu ya ile ya pwani. Uhuru, mita 5,895, ni kama nusu.

Upungufu huo unagunduliwa ndani ya seli zenyewe. William Kaelin na Gregg Semenza wa Marekani, pamoja na Peter Ratcliffe wa Uingereza, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2019 kwa kueleza jinsi seli zinavyoipima oksijeni. Kuna protini ambayo mwili huitengeneza na kuivunja muda wote, mradi oksijeni ipo ya kutosha. Oksijeni ikipungua, protini hiyo haivunjwi tena. Inarundikana, inaingia kwenye kiini cha seli na kuamsha jeni nyingi, mojawapo ikiwa ile ya erithropoietini, homoni ambayo figo hutuma kwenye uboho wa mifupa ili zitengenezwe chembe nyekundu za damu.

Hapa nataka nikae kidogo, maana Moshi nzima tumekua tukisikia kwamba ukilala kambi ya Horombo usiku mbili damu yako imeshaongezeka. Homoni hiyo ni kweli hupanda mapema, ndani ya saa chache, na hufika kilele chake kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Lakini chembe zenyewe zinahitaji wiki kadhaa kuongezeka kwa kiasi cha maana. Mfaransa mmoja aitwaye Viault aliyahesabu haya mwaka 1890 kwenye milima ya Peru, akaona chembe zake za damu zimeongezeka baada ya kukaa huko wiki tatu hivi. Safari yetu ya njia ya Machame ni siku sita au saba. Mgeni anakuwa ameshapanda ndege kurudi kwao ndipo chembe alizoagiza kambi ya Shira zinaanza kuonekana.

Ukipima damu ya mgeni siku ya tatu utakuta kweli imekuwa nzito, himoglobini imepanda. Sababu yake ni kwamba maji ya kwenye damu yamepungua. Yameenda wapi? Yamekojolewa.

Mwili unaozoea mlima vizuri unakojoa sana. Homoni ya aldosteroni, ambayo kazi yake ni kuzuia chumvi na maji visitoke, hushuka mtu anapopumzika kwenye mwinuko. Wakati huohuo moyo wenyewe hutoa homoni nyingine inayoziambia figo ziachie chumvi na maji. Ndiyo maana mwongozaji anayeijua kazi yake hakosi kuuliza asubuhi, umeamka mara ngapi usiku kwenda chooni? Wageni wanaona haya kujibu. Mimi nikisikia mgeni amelalamika kwamba kibofu kimemnyima usingizi, moyo wangu unatulia. Ninayemhofia ni yule aliyelala fofofo mpaka asubuhi, halafu anatoka hemani uso umejaa.

Na kinachougeuza mwili uanze kushikilia maji ni mwendo wa nguvu. Mazoezi makali, hata hapa chini uwanjani, hupandisha aldosteroni na ile homoni inayozuia mkojo. Hapa chini si tatizo, utakunywa maji, utapumzika, yataisha. Juu, yanapingana na kazi ambayo figo zinajaribu kuifanya. Watafiti wamewaweka watu kwenye vyumba vyenye oksijeni kidogo, siku moja wakiwa wametulia, siku nyingine wakifanya mazoezi, na maumivu ya kichwa na kichefuchefu vilizidi siku ya mazoezi. Kwa hiyo ile pole pole yetu, ambayo wageni wanaichapisha kwenye fulana, ina maelezo kamili ya kisayansi na inastahili kuheshimiwa kuanzia getini, siyo kuanzia pale mtu anapohema.

Nilimwona kijana mmoja, mkubwa wa mwili, mtu wa kunyanyua vyuma, amefika kambi ya Shira kabla sijamaliza kukaza kamba za hema la jiko. Amekaa juu ya jiwe, jasho linamtoka, anacheka, anataka picha. Kwenye kundi lao alikuwemo mama mmoja aliyeshastaafu kazi, aliyefika saa mbili baadaye na msaidizi wa mwongozaji akimbebea begi. Kesho yake asubuhi nilipopeleka uji, kijana alikuwa anajaribu kuvua pete kidoleni haitoki. Kope zimevimba, kichwa kinamgonga, usiku mzima hakwenda chooni. Yule mama alikuwa ameamka mara nne na analalamikia baridi. Kijana alilazwa siku nzima pale Shira kwanza, hali haikubadilika, akashushwa. Mama alifika Uhuru kwa mwendo uleule aliotokea nao getini. Najua watu wawili si utafiti. Lakini ukiwa jikoni unawaona hivyo mwaka baada ya mwaka, mwenye haraka na mwenye subira, na pete inayogoma kutoka kidoleni naiona tena na tena.

Niseme na hili la maji, kwa kuwa linatajwa ovyo. Kumlazimisha mtu anywe lita tano au sita kwa siku hakumsaidii. Mtu ambaye mwili wake unashikilia maji, ukimwongezea maji matupu unapunguza chumvi kwenye damu yake, na dalili zake zinafanana kabisa na ugonjwa wa mlima: kichwa, kichefuchefu, kuchanganyikiwa. Anywe akiwa na kiu, anywe supu yenye chumvi, mkojo uwe mweupe wa kawaida. Inatosha.

Sasa chakula, ambacho ndicho changu.

Saa za kwanza kwenye mwinuko adrenalini hupanda. Moyo unaenda mbio mtu akiwa amekaa tu anakunywa chai. Siku zinavyosogea adrenalini hutulia lakini ndugu yake, noradrenalini, huendelea kupanda na kubaki juu kwa siku nyingi. Kortisoli nayo hupanda, na homoni za tezi ya shingo pia. Zote hizi zinausukuma mwili uchome zaidi. Ukilala hemani bila kufanya lolote, Barafu mwili wako unatumia nishati zaidi kuliko ungelala kitandani kwako Majengo, na hapo hujaweka baridi, hujaweka kutembea. Uwezo wa mwili wa kutumia oksijeni nao hupungua kwa kiasi cha asilimia 10 kwa kila mita 1,000 ukishapita mita 1,500 hivi. Maana yake mwendo ambao huku mjini ni wa kwenda sokoni Mbuyuni, kule unaufanya moyo na misuli ihesabu kuwa ni mbio, na homoni zinamwagika kwa kiwango cha mbio.

Na mwili unachagua cha kuchoma. Hapa mpishi yeyote wa kuni ataelewa haraka: gogo kubwa lina moto mwingi ndani yake lakini linataka hewa nyingi ili liwake, mkaa unashika kwa hewa kidogo. Mafuta ya mwilini ni gogo, wanga ni mkaa. Kwa kila lita ya oksijeni, wanga hutoa nishati zaidi kuliko mafuta kwa asilimia 7 hivi. Chini tofauti hiyo hata huioni. Juu, ambako oksijeni ndiyo inayokosekana, ni nyingi sana. Wanaume waliopimwa Pikes Peak huko Marekani, mita 4,300, miili yao ilihamia kwenye glukosi zaidi walipofanya mazoezi, kuliko walivyokuwa usawa wa bahari. Shida ni kwamba akiba ya wanga kwenye misuli na ini ni ndogo, haizidi gramu mia tano hivi kwa mtu wa kawaida. Kupanda usiku kucha kutoka Barafu kunaweza kuimaliza kabisa.

Kwa hiyo mwili unataka wanga, na unautaka kwa wingi. Na hapohapo njaa inaondoka.

Tumbo hutoa homoni iitwayo ghrelini, ndiyo inayoupelekea ubongo habari kwamba ni saa ya kula. Oksijeni ikipungua, ghrelini hushuka, na mazoezi kwenye hewa hiyo huishusha zaidi. Homoni nyingine ya utumbo, ile inayoleta hisia ya kushiba, imeonekana kupanda kwa watu waliougua mlimani. Chakula nacho kinakaa tumboni muda mrefu. Mgeni anaposema ameshiba, anasema kweli kabisa. Ndivyo ubongo wake unavyoambiwa.

Mwaka 1985 huko Marekani lilifanyika jaribio lililoitwa Operation Everest II. Wanaume wanane waliingia kwenye chumba kilichopunguzwa hewa kidogo kidogo kwa siku 40, mpaka kufikia hali ya kilele cha Everest. Chumba kilikuwa na joto zuri, vitanda, na chakula cha kuchagua, wale wanachotaka saa wanayotaka. Hakuna baridi, hakuna mizigo, hakuna mpishi wa kulaumiwa. Chakula walichokula kilipungua kutoka kalori kama 3,100 kwa siku mpaka kama 1,800, na walipungua uzito zaidi ya kilo 7 kwa wastani, sehemu kubwa ikiwa misuli. Siku niliposoma habari hiyo nilimpigia simu mpishi aliyenifundisha kazi, mzee wa Mamba ambaye ameshastaafu, nikamsomea. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, miaka yote ile nilikuwa nawaambia."

Kwa kuwa njaa haitakuja, mpishi hawezi kuingojea. Napakua kidogo na mara nyingi. Tukifika kambini, kabla mgeni hajavua viatu, kuna bisi na chai ya tangawizi yenye sukari, na ninasema wazi kwamba sukari ni ya kazi. Saa moja baadaye supu. Kisha chakula. Nyama inapungua kadiri tunavyopanda, wanga unaongezeka. Kilele cha upishi wangu, naweza kusema bila kujivuna, ni mtori. Ndizi mbichi zilizopondwa na mchuzi wa nyama laini, chumvi ya kutosha, unanyweka kwa kijiko bila kutafuna. Mgeni ambaye amekataa tambi, wali na viazi anamaliza bakuli la mtori kwa sababu linapita bila kubishana na koo. Mama zetu huku uchagani humpikia mzazi aliyetoka kujifungua mtori. Hawakumpima mtu homoni, lakini walijua cha kumpa mtu aliyechoka ambaye hana hamu ya kula.

Kuna jambo la sufuria ambalo wapishi wageni wanalikuta kwa uchungu. Maji ya Moshi yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi. Barafu yanachemka kwenye nyuzi 85. Yanatokota, unaona mapovu, ukidhani moto umeshika, kumbe maharage hayataiva hata ukeshe. Wali unabaki na kiini kigumu, na tumbo ambalo tayari ni zito linapewa kazi ya ziada. Maharage nayachemsha nyumbani mpaka yalainike, nayakausha maji, nayabeba kwenye mifuko, na yanatumika siku za mwanzo. Kuanzia kambi ya Barranco kwenda juu nategemea sufuria ya presha, viazi vilivyokatwa vidogo, tambi nyembamba na uji.

Usiku wa kilele jiko langu linawashwa saa nne. Nje upepo wa Barafu unaipiga turubai, ndani mvuke umeshaganda juu ya dari ya hema na matone yanadondokea mfuniko. Sitaki wale mlo mzito saa hiyo. Uji mwepesi wenye sukari, biskuti, kipande cha mkate na asali. Kila mgeni ninamwekea mfukoni vitu laini visivyohitaji kutafunwa sana, tende, peremende, chokoleti, na mfuko uwe wa ndani ya jaketi, karibu na kifua, maana ukiuweka nje ukifika juu chokoleti inavunja jino. Waongozaji ninaofanya nao kazi wanajua kwamba kila saa wanasimama dakika mbili na kila mtu anameza kitu, apende asipende. Naona tofauti asubuhi wanaporudi. Wanarudi wamechoka, lakini wanarudi kwa miguu yao na wanaongea.

Wanawake wananiuliza habari zao faragha, jikoni, kwa hiyo nitaandika na hapa. Wanawake waliopimwa kwenye mlima uleule wa Pikes Peak hawakuhamia kwenye glukosi kama wanaume. Miili yao ilitumia glukosi pungufu na mafuta yakaendelea kuchangia, na homoni za kike zinahusika. Hii haimaanishi mwanamke asile wanga, maana akiba yake ni ndogo vilevile. Homoni ya projesteroni, inayopanda nusu ya pili ya mwezi, huongeza upumuaji. Na hedhi inaweza kuwahi, kuchelewa au kuja ghafla mlimani, kwa sababu ya mabadiliko ya homoni, uchovu na safari. Dada, beba vifaa vyako hata kama tarehe haijafika. Mimi huwa na akiba kwenye sanduku la viungo na siulizi maswali.

Wenye kisukari wanapanda na wanafika, nimewapikia. Siku mbili tatu za mwanzo kwenye mwinuko, adrenalini na kortisoli huipinga insulini na sukari inaweza kupanda. Mwili ukishazoea, pamoja na kutembea kutwa, huanza kuitumia insulini vizuri zaidi na sukari inaweza kushuka haraka. Sukari iliyoshuka na ugonjwa wa mlima vinafanana dalili. Vipimo vya kidoleni havisomi sawasawa kwenye baridi na mwinuko, na insulini ikiganda imeharibika, kwa hiyo vyote vinalala ndani ya mfuko wa kulalia na mwenyewe. Mpango wa dozi auzungumze na daktari wake kabla ya kuja. Kwangu mimi aniambie siku ya kwanza, tukiwa bado hotelini, nijue nipike nini na saa ngapi.

Mdogo wangu anakimbia Arusha, na ananiuliza kama kukaa kule kunamwongezea damu kama wakimbiaji wa kambi za juu. Arusha iko mita 1,400 hivi, chini ya kiwango ambacho erithropoietini hupanda kwa nguvu. Kambi nyingi za mazoezi duniani ziko kati ya mita 2,000 na 2,500, mfano Iten ya Kenya, mita 2,400. Lakini hata mwinuko wa mita 2,000 na kitu unamtesa mtu kwenye mashindano. Mzee wetu John Stephen Akhwari alikimbia marathoni ya Olimpiki ya mwaka 1968 Mexico City, mita 2,240, misuli ikamkaza, akaanguka, goti likaumia, na bado akamaliza. Kila mtoto wa Tanzania anamjua kwa goti lile. Mimi namwaza pia kwa hewa aliyokuwa anaivuta.

Nimeliacha mwisho jambo ambalo ndilo linaloniuma, nalo ni wagumu, yaani wapagazi wetu.

Mgumu anabeba mzigo wa kilo 20 unaopimwa kwenye mizani getini, anampita mgeni njiani, anafika kambini mapema ili hema liwe limesimama. Ule mwendo mkali ambao tunamkataza mgeni kwa sababu ya aldosteroni na kichwa, yeye ndio ajira yake. Na watu husema, hao wamezoea, ni wazawa wa mlima. Moshi mjini iko mita 900 hivi. Kilema kwetu ni kama 1,400. Hatukukaa vizazi na vizazi karibu na mita 4,000 kama watu wa Tibet au wa Andes, ambao miili yao imerithi namna ya kuishi huko. Kuzoea kwa mgumu ni kule kwa kupanda mara kwa mara, na akikaa mjini msimu wa mvua wiki kadhaa kunaisha. Anaporudi Juni anaanza upya kama mgeni, tofauti ni kwamba yeye ana mzigo kichwani na hana wa kumuuliza kama amekojoa.

Kuna kampuni niliwahi kuifanyia kazi ambayo wagumu walikula mara moja kwa siku, jioni, ugali na kabichi. Asubuhi chai kavu. Homoni zao zilikuwa zilezile za mgeni. Wanga wa kwenye misuli ukiisha na mzigo bado uko kichwani, kortisoli inaanza kuvunja misuli yenyewe ili ini lipate cha kugeuza kuwa sukari. Msimu wa Julai mpaka Septemba, safari juu ya safari, nilikuwa naona mikanda yao inatobolewa tundu jipya kwa msumari, kisha jingine. Kijana mmoja wa Kibosho, mpole sana, alikaa chini karibu na kambi ya Karanga akashindwa kunyanyuka, mikono inatetemeka, jasho la baridi. Wenzake wakasema ni mlima umemkamata. Nilimpa chai yenye vijiko sita vya sukari na kipande cha chapati, na baada ya robo saa akasimama. Ulikuwa upungufu wa chakula, basi. Nilitoka kwenye kampuni hiyo msimu uleule.

Ninapofanya kazi sasa, bajeti ya chakula cha wagumu naiandika mimi na siikubali safari kabla haijasainiwa. Kama unalipia safari ya kupanda, uliza swali hili kabla hujatoa fedha: wagumu wanakula nini asubuhi? Kampuni inayojua itakujibu palepale, kwa vyakula na kwa vipimo.

Jibu langu mimi ni uji. Kwa wagumu kumi: kilo moja ya unga wa ulezi, nusu kilo ya karanga zilizosagwa, nusu kilo ya sukari, chumvi kijiko kimoja cha chai, ndimu nne. Unga unakorogwa na maji ya baridi kwanza ili usishike madonge, unamiminwa kwenye maji yanayochemka, na Barafu unauacha motoni muda mrefu zaidi kuliko unavyofanya nyumbani kwa sababu ya zile nyuzi 85. Karanga zinaingia mwishoni, ndimu ukishaepua. Kila mmoja anapata vikombe viwili vikubwa na chapati mbili, na hakuna mzigo unaofungwa kushuka kuelekea Mweka kabla sufuria haijaisha.